Tamasha la Darasa la Awali Lipimwe kwa Mtoto Mwenye Haya

Kila ifikapo mwishoni mwa Novemba, wakati mizani ya korosho bado ina kazi katika maghala ya vyama vya msingi na shule zinajiandaa kufunga mwaka, wazazi wa Mtwara hualikwa kwenye tamasha la watoto wa darasa la awali. Wengi wetu tukitoka pale humsifu mtoto aliyeghani shairi refu bila kukwama, au yule aliyecheza sindimba mpaka akina mama wakapiga vigelegele. Mimi naona anayestahili kutazamwa kwanza ni mtoto mwenye haya, yule ambaye mwalimu asiye makini angemficha nyuma ya mstari, au angemshauri mzazi wake abaki naye nyumbani siku hiyo.

Darasa la awali halina mtihani wa taifa. Mwalimu hupima maendeleo kwa kumwangalia mtoto anapocheza, anapozungumza na anapofanya kazi na wenzake, kisha huweka kumbukumbu ambazo wazazi wachache huomba kuziona. Kwa hiyo tamasha ndilo linalotuonyesha, hadharani, kama mtoto amejifunza kusubiri zamu yake, kufuata maelekezo na kusimama mbele ya watu bila hofu. Mtoto mchangamfu pengine angeyaweza hayo hata kwa msaada mdogo. Kazi ya mwalimu huonekana kwa yule ambaye mwezi Januari alikuwa akijificha nyuma ya mlango.

Binti yangu alilelewa na bibi yake Newala, na alipoanza darasa la awali hapa mjini alikuwa anakisikia Kiswahili vizuri lakini anajibu kwa Kimakonde, tena kwa sauti ya chini. Wapo walimu ambao humchukulia mtoto wa namna hiyo kuwa mzito wa kuelewa. Mwalimu wake, ambaye si Mmakonde, alituomba tumfundishe maneno machache ya kusalimia na ya kuulizia maji, chakula na choo, akayatumia wiki za mwanzo mpaka mtoto alipoacha kulia asubuhi. Mazoezi ya tamasha yalipoanza hakumlazimisha kuimba. Alimpa kayamba lililotengenezwa kwa chupa ya plastiki na punje za mahindi, akamweka katikati ya wenzake wawili anaokaa nao mkekani, na kazi yake ikawa kulitikisa pale tu wimbo unapofika kwenye kiitikio. Asiyeijua kazi ya ualimu anaweza kuliona hilo kuwa jambo dogo, lakini anayesubiri kiitikio ni lazima ausikilize wimbo mzima, afuatishe mapigo na amwangalie mwenzake. Na akishafanya hivyo kwa siku nyingi bila kusukumwa, maneno ya wimbo humwingia mwenyewe.

Siku ya tamasha mwalimu alipiga magoti mbele ya watoto, mahali ambapo wao walimwona uso na sisi tuliona mgongo tu, akawa anatamka maneno bila kutoa sauti. Shughuli ilianza mapema asubuhi, kabla joto la pwani halijawachosha watoto, na haikuchukua muda mrefu. (Washereheshaji wa mji huu wanisamehe: hapakuwa na mshereheshaji, na sikusikia mtu akimuulizia.) Kilichonifurahisha zaidi ni namna mwalimu alivyoishughulikia desturi yetu ya kutuza. Watu wazima wanapojazana mbele, mmoja akimbandika mtoto noti kwenye paji la uso na mwingine akimsogezea simu ampige picha, mtoto mwenye haya hunyamaza papo hapo, na hata mchangamfu husahau wimbo. Mwalimu aliweka ungo kando ya mlango, akatangaza mapema kwamba anayetaka kutuza aweke humo, na kwamba fedha hizo zitakuwa za uji wa darasa zima. Bibi wa binti yangu, aliyekuja kutoka Newala akiwa amefunga noti zake kwenye ncha ya khanga, alinung'unika kidogo kisha akaziweka kwenye ungo. Binti yangu alitikisa kayamba kwenye kila kiitikio, na katika wimbo wa mwisho nilimwona akiimba.

Nafahamu kuwa wapo wazazi wanaotaka mambo makubwa zaidi: majoho na kofia kama za vyuo vikuu, keki, spika za kukodi, na nyimbo za Kiingereza ambazo waimbaji wenyewe hawajui zinasema nini. Msimu wa minada ya korosho ndio wakati ambao fedha zipo mikononi mwa wengi, na ni rahisi kamati kupanga mchango unaoonekana mdogo kwa mwenye mikorosho lakini mzito kwa mama muuza samaki wa Mikindani. Tangu mwaka 2016 elimu ya awali katika shule za serikali hutolewa bila ada. Itakuwa ajabu joho la siku moja ndilo limfungie mtoto mlango.

Fedha hizo, kama kweli zipo, zina kazi nyingine. Uwiano uliowekwa na serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na aliyewahi kuchungulia madarasa ya awali yaliyojaa watoto anajua jinsi uwiano huo unavyoweza kupitwa. Mwalimu aliyezidiwa na idadi hawezi kumtambua kila mwenye haya, hata awe na moyo wa namna gani. Kwenye kikao kijacho cha wazazi nitapendekeza mchango wa hiari wa kumlipa posho msaidizi wa darasa, na kamati iache kumpangia mwalimu nyimbo. Wanaotaka majoho nitawasikiliza, ila kwanza watuambie ni mtoto gani hakuimba na wenzake mwaka jana, na kwa sababu gani.