Siku 52 za Bure

Jumamosi iliyopita nilipanga foleni katika jua kali mbele ya monasteri ya Jerónimos, hapa Lisbon, na nilipofika mlangoni mlinzi akaitazama kadi yangu ya ukaazi, akanirudishia, akanionyesha njia bila kunitoza hata senti moja. Tangu 2024 kila mkazi wa Ureno, awe Mreno wa kuzaliwa au mtoto wa Mombasa kama mimi, ana siku 52 kwa mwaka za kuingia bure katika makumbusho na majengo ya kale ya taifa. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nilizunguka ule ua wa nguzo zilizochongwa kama kamba za merikebu huku nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu ya Wareno.

Katika kanisa la monasteri hiyo amelazwa Vasco da Gama, sanamu yake ya jiwe jeupe ikiwa chali juu ya kaburi, viganja vimekutanishwa kama anayeomba dua. Huyu ndiye aliyetia nanga Mombasa Aprili 1498, mambo yakamharibikia, akaendelea Malindi. Monasteri ilianza kujengwa 1501, na sehemu ya gharama ilitoka katika ushuru wa viungo vilivyopitishwa Bahari ya Hindi, kwa hiyo anayesema kwamba uzuri wa Belém, mtaa wa monasteri hiyo, umelipiwa kwa jasho la watu wa mbali hasemi uongo. Wareno huliita kanisa *igreja*, neno ambalo wajuzi wa lugha hulitaja kuwa asili ya neno letu gereza. Kila nikilisikia likitamkwa hapa, akili yangu hurudi Ngomeni, yaani Fort Jesus, ngome ya Wareno kule Mombasa.

Mama yangu alizaliwa Ndia Kuu, mwendo wa dakika chache tu kutoka Fort Jesus, na kwa takriban miaka sabini alipita mbele ya lango lile akienda Marikiti, akienda arusini, akienda matangani, bila kuingia hata mara moja. Nilipomuuliza sababu, alinijibu kana kwamba nimemuuliza jambo la kipuuzi: "Nikafanye nini mle, mwanangu? Pale ni gereza." Waingereza waliigeuza ngome hiyo kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, na mjomba wake mmoja alifungwa humo, hata bibi yake akawa akimvuta mama mkono wapite upesi. Jela imefungwa zamani, makumbusho yamefunguliwa tangu 1962, UNESCO nayo imeitia ngome katika orodha ya urithi wa dunia 2011, lakini kwa mama mlango ulikuwa ni uleule.

Najua nitakayoambiwa. Nitaambiwa kwamba nimekula mkate wa Ulaya nikasahau muhogo, kwamba kiingilio cha raia ni nafuu kuliko cha mgeni, na kwamba watu wa Mombasa hawahitaji ruhusa ya mtu kustarehe kando ya maji, kwa kuwa jioni yoyote Lighthouse hujaa familia zinazokula mihogo yenye pilipili na ndimu bila kulipa kiingilio. Yote hayo ni kweli, na naongeza kwamba hakuna sehemu ya mto Tejo wa hapa Lisbon inayofikia upepo wa pale. Wala simsifu Mreno kupita kiasi: hapa wenyeji wa mtaa wa Alfama wanahama kwa sababu nyumba zao zimegeuzwa vyumba vya watalii, na bibi kizee mwenye kapu la sokoni huiacha tramu namba 28 ipite kwa kuwa imejaa watu wanaopiga picha.

Lakini hoja yangu si pesa, na nawaomba mnaonijibu msinirudishe kwenye pesa. Mtu mwenye siku 52 anaweza kuingia kwa dakika ishirini, akatazama nguzo moja, akatoka akanunue samaki. Anaweza hata kuipoteza ziara yake, kwa sababu wiki ijayo anayo nyingine. Sisi tuliingizwa Ngomeni mara moja tukiwa darasa la sita, tumepangwa mstari, tukatembezwa mbiombio kati ya mizinga na vigae vya Kichina, na baada ya hapo ngome ikawa ya wageni. Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba fedha za kuigeuza jela hiyo kuwa makumbusho zilitoka kwa wakfu wa Gulbenkian, wenye makao yake papa hapa Lisbon, ambao katika bustani yake mimi hukaa nikala chakula cha mchana bila kuulizwa nimetoka wapi. Wareno walilipa ili ngome ile ifunguliwe kwa umma, na sisi tulio umma wenyewe tukaendelea kupita nje.

Likizo iliyopita nilimkatia mama tiketi, akakubali kwa shingo upande, akajifunga buibui vizuri kama anayekwenda kumjulia mtu hali. Mizinga hakuitazama. Habari za mzingiro ulioanza 1696, uliowapa Waomani ngome hiyo 1698, alizisikiliza kwa adabu tu. Alisimama kwa muda mrefu mbele ya michoro ambayo Wareno waliichora ukutani, merikebu na watu na samaki, mingine ya ovyo kama ya mtoto, yote imehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama wafungwa nao hawakuandika chochote, na kama waliandika, ukuta wao uko wapi.