Hoja ya kutokula nyama inambana nani?

Vegani ni mtu asiyekula nyama, samaki, mayai, maziwa wala asali. Hoja yake kuu inaeleweka upesi: mnyama huumia, na mwenye chakula kingine hana sababu ya kumuumiza. Tangu 1789 mwanafalsafa Jeremy Bentham wa Uingereza alisema la kuuliza si kama wanyama wanafikiri au wanasema, bali kama wanateseka. Mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, akaipanua hoja hiyo mwaka 1975. Sijapata jibu linaloivunja. Ninachouliza ni inambana nani.

Mfugaji wa Longido, kaskazini mwa Tanzania, anaishi kwenye ardhi kavu ambako mahindi ni bahati nasibu. Ng'ombe wake hula majani ambayo binadamu hawezi kuyala, akayageuza maziwa. Wakati wa kukamua, ndama huachiwa chuchu za upande mmoja anyonye, mkamuaji akakamua upande wa pili. Mnyama huyo anatembea, anazaa, anakaa na kundi lake. Kumwambia mwenyewe aachane na mifugo ni kumwambia ahame.

Kuna suala la afya pia. Vitamini B12 haipatikani kwenye vyakula vya mimea vya kawaida, kwa hiyo vegani hana budi kumeza vidonge au kula vyakula vilivyoongezewa. Kwa mtu mwenye kipato si taabu. Kwa mtoto anayeshindia uji na ugali wa mchicha, yai ni lishe kubwa, na sioni kosa lolote katika kumpa.

Tatizo ni kwamba sisi wa mjini tunapenda kujikinga kwa mfano wa mfugaji, ilhali chipsi kuku za jioni hazitoki kwake. Kuku wa nyama wa kisasa amechaguliwa kizazi hadi kizazi ili akue haraka, na wiki ya tano au ya sita anachinjwa. Ukiingia bandani siku za mwisho utawakuta baadhi wamelala kwenye maranda karibu na chakula, maana mwili umeishinda miguu. Siku ya kuuzwa wanashindiliwa kwenye tenga, au wanafungwa miguu na kuning'inizwa kichwa chini kwenye bodaboda.

Mayai nayo yana yake. Vifaranga madume wa kuku wa mayai hawatagi wala hawanenepi haraka, hivyo kwenye vituo vikubwa vya kutotolesha duniani huuawa mara tu wanapoanguliwa. Ujerumani ilipiga marufuku jambo hilo kuanzia 2022. Keji (vizimba vya waya) za zamani za Ulaya, zilizompa kila kuku nafasi ndogo kuliko karatasi ya A4, zilikatazwa 2012. Huku kwetu keji bado zinanadiwa kama ufugaji wa kisasa.

Wengi wanaopunguza nyama nyekundu huhamia kwenye kuku. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa kama kilo 100 za nyama. Kuku wa kisasa, kilo moja na ushee. Kwa anayejali mateso, huko ni kuongeza idadi ya wanaoteseka, tena wale wanaoishi vibaya zaidi.

Wapo watakaosema Mungu ametuhalalishia nyama. Ni kweli kwa imani zetu, wala sibishani nao. Lakini Mtume Muhammad (S.A.W.) aliagiza mchinjaji anoe kisu chake na asimtese mnyama. Sioni vipi huruma hiyo ianzie kwenye kisu na kuziruka wiki sita zilizotangulia. Tanzania pia ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na bado kuku wanapita mbele ya askari wa barabarani wakining'inia.

Kwa hiyo siwezi kuutetea uvegani kama sharti la kila mtu. Ila mkazi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeweza kununua kuku wa kisasa anaweza pia kununua maharage, kunde na nazi, na mara nyingi chenji itabaki. Yeye ndiye anayedaiwa maelezo. Kwenye maziwa ya ng'ombe wa kufugwa ndani bado napima, lakini kwa kuku wa banda na mayai ya keji nimeshaamua: sili.