Kasi ya Boti Ipimwe Nje ya Ghuba ya Tanga

Mnunuzi wa boti ya faiba hapa Tanga huambiwa mara nyingi kwamba yenye kitako bapa ndiyo yenye mbio, na kwamba yenye kitako cha umbo la V hula petroli bure. Kauli hiyo ina ukweli wake. Kitako bapa huyasukuma maji chini moja kwa moja, hivyo boti huinuka mapema na kuteleza juu ya maji hata kwa mashine ndogo. V huyasukuma pembeni pia, na kadiri pembe inavyokuwa kali ndivyo mashine inavyodaiwa nguvu zaidi. Boti bapa hutulia ikisimama, na hufika ufukweni hata maji yakiwa yamekupwa.

Kipimo hicho, lakini, huchukuliwa ndani ya ghuba. Ukishakipita kisiwa cha Ulenge kuelekea Mkondo wa Pemba wakati wa kusi, mwendo huamuliwa na pigo la wimbi. Kitako bapa hukutana na maji kwa eneo kubwa mara moja, na boti hutua kwa kishindo. V huyapasua kidogo kidogo kuanzia mkukuni, yaani kwenye uti wa chini wa boti, na pigo hupungua makali kwa sababu limegawanyika katika muda mrefu zaidi. Kishindo hicho ndicho kinachopasua faiba, kulegeza viungo, kuumiza migongo ya abiria na hatimaye kumlazimisha nahodha apunguze mwendo, hata kama mashine yake ingali na nguvu tele. Nguvu aliyoilipia fedha nyingi inakaa bure, na boti iliyosifiwa kwa mbio inaachwa nyuma na ile iliyoitwa nzito. Mwaka 1960, mashindano ya boti kutoka Miami, Marekani, hadi Nassau, Bahamas, yalipokutana na bahari iliyochafuka, mshindi alikuwa Moppie, boti ya mchoro wa msanifu Ray Hunt, ambaye aliiendeleza V kali mpaka tezini, yaani nyuma kabisa ya boti.

Kwenye kona pia, V hushika maji na kulalia ndani, ilhali bapa huserereka.

Sisemi kila mvuvi anunue V kali ya digrii 24. Anayetega karibu na mikoko hana haja nayo. Kwa anayevuka kwenda Pemba, inayofaa zaidi ni V iliyo kali omoni, yaani mbele, na kulegea kuelekea tezini, mradi akubali mashine kubwa kiasi na mrama zaidi anaposimama kuvua.