Ajali za makea Uingereza: tuangalie dereva au tuangalie rota?

Kila kea wetu, yaani mhudumu anayezunguka kwa gari kuhudumia wazee majumbani mwao, akigonga gari kule Uingereza maneno ni yaleyale, amezoea kuendesha ovyo nyumbani, hajui barafu, apelekwe mafunzo. Na sikatai kabisa. Leseni ya Kenya au Tanzania inakubalika miezi 12 tu toka uanze kuishi kule, baada ya hapo ni mtihani wao, na wapo wanaopitiliza kimyakimya. Wapo pia wenye bima ya kwenda dukani na kanisani wakati gari linazunguka kwa wateja kutwa nzima, ajali ikitokea bima inawaruka. Kampuni zinazowaajiri zikisema mshika usukani ndiye anayejibu, zina hoja.

Lakini hebu shika rota, ile ratiba ya kazi ya siku. Dada mmoja alinionyesha yake: mzee wa kwanza saa 1:00 hadi 1:30 asubuhi, wa pili 1:30 hadi 2:00, wa tatu 2:00 hadi 2:15. Sasa kutoka nyumba ya kwanza mpaka ya pili ni dakika 12 kama hakuna foleni, hizo dakika 12 zimeandikwa wapi? Hazipo. Basi anaziiba, ama anamharakisha mzee na chai yake ama anakanyaga mafuta, na muda huohuo simu iko pale karibu na gia inalia, ofisi inauliza mbona hujaingia kwa mteja, maana kuingia na kutoka kunarekodiwa kwa app kwenye simu hiyohiyo.

Hiyo simu ndiyo inaninyima raha. Kuishika ukiendesha ni faini ya paundi 200 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kama hujamaliza miaka miwili toka upasi, pointi 6 zinakunyang'anya leseni, unarudi kuwa mwanafunzi. Na waliopasi juzijuzi ni kina nani kama si hawahawa waliokwenda baada ya visa kufunguliwa kwa makea Februari 2022? Bila leseni hana kazi ya kuzunguka, akiachishwa, sponsa (mwajiri aliyemdhamini visa) anaripoti uhamiaji, na kwa kawaida anapewa siku 60 tu atafute sponsa mwingine. Simu moja ya ofisi jamani, na huku Moshi au Kisii kuna watoto wanasubiri ada.

Wenye kampuni wanasema halmashauri nyingi zinawalipa kwa dakika za kukaa na mteja tu, wakiongeza nafasi katikati nani atalipia? Swali la kweli, na halmashauri zijibu. Ila sheria ya kima cha chini cha mshahara inahesabu safari ya kutoka mteja mmoja hadi mwingine kuwa ni kazi, kwa hiyo zile dakika 12 tayari ni deni, kuziandika kwenye rota ni kulikiri tu. Hata zile peni 45 kwa maili za kutumia gari lako kazini ni kiwango kisichokatwa kodi, si amri, kampuni inaweza kulipa chini ya hapo na tairi zinazoisha ni za kea.

Dada yule siku hizi simu anaifungia kwenye buti. Anachelewa, na kila akichelewa anaandika kwenye daftari dakika ngapi na kutoka kwa nani kwenda kwa nani. Amefika ukurasa wa nne, anataka kuiwekea ofisi mezani kwenye kikao cha mwezi huu.