Ukienda Paestum usiishie ufukweni

Sisi tunaoishi Ulaya, ikifika Julai kila mtu anatafuta bahari, ukipata ofa ya kusini mwa Italia unalipia hoteli, unatandika taulo, unaoga maji ya chumvi, wiki imeisha unarudi kazini. Mi nasema ukienda Paestum, mji wa kale hukohuko kusini mwa Italia, afu ukafanya hivyo umejipunja kabisa. Ufukwe wenyewe ni mzuri sikatai, mchanga unaenda mbali hadi macho yanachoka na nyuma kuna miti ya misonobari unakimbilia kivuli jua likiwa utosini, ila miamvuli na viti vya kukodi vimepangwa mistari kwa mistari, mstari wa mbele unalipia zaidi, na Agosti ndo usiseme maana nusu ya Italia iko likizo. Mtu aliyeiona Nungwi au Diani, bahari peke yake haitamtikisa.

Kitakachokutikisa kiko kama kilomita mbili tu kutoka majini. Mahekalu matatu ya Wagiriki wa kale yamesimama kwenye majani, wazi, shambani kabisa, la zamani zaidi lilijengwa karibu mwaka 550 kabla ya Kristo na lile kubwa wanaloliita la Neptune lilikuja kama miaka mia moja baadaye. Nenda jioni. Nguzo zimetuna katikati kama zinaelemewa na mzigo, jiwe lina vishimovishimo, na jua linapoanza kushuka lote linageuka rangi ya asali, yani unasimama tu pale huna la kusema.

Sasa jiulize, kitu cha zamani hivyo kimebakije? Kwa sehemu kubwa ni malaria jamani. Mji ulianzishwa na Wagiriki wakauita Poseidonia, Warumi wakaufanya koloni lao mwaka 273 kabla ya Kristo, afu taratibu ardhi ikageuka kinamasi, mbu wakatawala, watu wakapanda kuishi mlimani Capaccio na mji ukabaki na vichaka karne na karne, hadi miaka ya 1700 ndo wasafiri wa Ulaya wakaanza kumiminika kuuona. Sisi tuliolala ndani ya chandarua tangu utoto hiyo stori inatuingia hasa. Bonde lile la mto Sele lilikuja kukaushwa kwa nguvu kwenye miaka ya 1930 hivi, na Italia nzima ilitangazwa haina malaria mwaka 1970, juzi tu hapo! Kwahiyo huo ufukwe unapojipaka mafuta leo, bibi za wenyeji waliuogopa.

Na kinamasi hichohicho ndicho kilichowafaa nyati wa kufugwa, wale weusi wanaopenda kulala kwenye tope, sio mbogo wetu wa porini, na maziwa yao ndo yanatengeneza mozzarella ya kweli, lile jibini laini jeupe. Mashamba yapo barabarani tu, mengine unaruhusiwa kuangalia. Fundi anazamisha mikono kwenye maji ya moto, anavuta lile donge mpaka linang'aa, anaminya kwa kidole gumba na cha shahada, kipande kinakatika kinadondokea kwenye maji. Ukiuma maziwa yanachuruzika hadi kwenye kiwiko. Ile ya plastiki ya supamaketi nilishindwa kuila tena kwa muda mrefu.

Makumbusho pia usiruke. Kuna kaburi lilifukuliwa mwaka 1968, mabamba matano ya mawe ya chokaa yaliyochorwa kwa ndani, upande ule anaouangalia marehemu, na kwenye kifuniko kuna kijana yuko hewani anajirusha majini, mikono mbele, mti mmoja huku na mwingine kule. Nilikaa pale kuliko nilivyokaa kwenye mahekalu.

Kinachoniuma ni hizi hoteli za kila kitu ndani ya geti. Mgeni anakula humo, analala humo, akitolewa ni kwa basi, anapewa muda wa kupiga picha mbili tatu na kurudishwa, mkulima wa jirani haambulii hata senti. Na kwetu ni yaleyale, Watamu imejaa Waitalia, magofu ya Gede yako pua na mdomo, na bado wapo wanaorudi kwao hawajayakanyaga. Inanichoma, ndo maana sitaki na sisi tuwafanyie wao hivyohivyo.

Kwahiyo panda treni ya kawaida kutoka Napoli au Salerno, stesheni ya Paestum imetazamana na lango la kale la mji, unashuka unapita kwenye ukuta kwa miguu yako. Mei au Septemba ni bora, joto linavumilika na ufukwe una nafasi. Ile mozzarella kanunue asubuhi mapema, ile iliyotengenezwa siku hiyohiyo, na usiiweke kwenye friji.