Sumu ya Kumeza na Sumu ya Jino

Shangazi yangu wa Monduli aligongwa na nyoka aitwaye kifutu akiokota kuni. Majirani walimhangaikia kwa moyo wote: huyu kakimbilia ng'ombe, yule kaleta sufuria, na kabla bodaboda haijatafutwa alikuwa amenyweshwa maziwa hadi akatapika. "Maziwa yanaua sumu," walisema. Mguu nao ukazidi kuvimba, kikuku kikazama kwenye nyama, kikaja kukatwa kwa koleo.

Naongoza wageni hapa Arusha, na Kiingereza changu ni cha kazini. Ila kuna maneno mawili ya lugha hiyo ninayoyaonea wivu. "Poison" ni sumu inayokudhuru ukiila, ukiinywa, ukiivuta au ikikugusa. "Venom" ni ile anayoidunga mnyama mwenyewe, kwa jino kama nyoka, au kwa mwiba kama nge na nyuki. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale yao sumu ya mimea. Inaingia kwa jeraha, lakini bado ni "poison", kwa sababu mmea haumdungi mtu. Anayedunga ni mwindaji.

Sisi zote tunaziita sumu, na naamini neno hilo moja ndilo linalotupeleka kwenye maziwa. Aliyegongwa tunamtibu kama aliyelishwa. Maziwa yako tumboni. Sumu ya kifutu iko mguuni inaozesha nyama. Ya koboko hupooza misuli ya kupumulia, na hapo kila dakika ina thamani. Shirika la Afya Duniani, lililoweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka.

Sitaki tuazime neno. Vitenzi tunavyo: binadamu hulishwa sumu, nyoka hugonga. Basi tuseme sumu ya kumeza na sumu ya jino, tuwafundishe watoto hivyo hivyo.

Shangazi alipona, vidole viwili vya mguu havipo. Akigongwa mtu kwenu, mvueni pete na vikuku mapema, mlazeni atulie, mguu usitikiswe. Msichanje, msinyonye, msikaze kamba. Mmoja atafute gari, mwingine apige simu kuuliza hospitali ipi ina dawa ya sumu ya nyoka, maana si kila zahanati inayo.