Virusi vikubwa ndani ya amiba: viumbe hai au wezi wa jeni?

Mwaka 1992, mjini Bradford, Uingereza, watafiti wa homa ya mapafu walichota maji kwenye mnara wa kupozea maji. Ndani ya amiba waliomo, viumbe wadogo wa seli moja, wakaona vitu vya duara vilivyoshika rangi ya Gram, ile ya kutambulishia bakteria, wakavihesabu kuwa bakteria. Ilipofika 2003 ndipo wanasayansi wa Ufaransa walipotangaza kwamba kumbe ni kirusi. Wakakiita Mimivirus, kwa jinsi kinavyoiga bakteria.

Ubishi ukaanza hapo. Kuna waliotaka virusi hivi vipewe tawi la nne la uhai, kando ya bakteria, arkea (vijidudu vya seli moja visivyo na kiini, tofauti na bakteria) na viumbe wenye kiini kwenye seli zao. Hutaja ukubwa: DNA ya Mimivirus ina herufi kama milioni 1.2 na jeni zaidi ya 900, kuzidi bakteria kadhaa. Mimi hoja ya ukubwa hainishiki sana. Kinachonishika ni yale yanayotendeka ndani ya amiba.

Amiba hukimeza kirusi kama anavyomeza bakteria, chakula chake. Kikiwa ndani ya kifuko cha kumeng'enyea, ganda hupasuka kwenye pembe moja tu, kwa umbo la nyota ya miali mitano. Utando wa ndani ya ganda huungana na ukuta wa kifuko, na DNA huteremkia kwenye uteute wa seli ikiwa na vimeng'enya vyake vya kunakili jeni. Haisubiri mitambo ya kiini. Baada ya saa chache huota karakana: katikati DNA inarudufiwa, pembezoni maganda yanajengwa, yanajazwa DNA kupitia mlango mwingine, si ule wa nyota, kisha yanavishwa nyuzi kama manyoya. Siku haijaisha, amiba hupasuka na mamia ya virusi humwagika majini.

Ndiyo maana Jean-Michel Claverie, mmoja wa wachambuzi wa Mimivirus, alisema tunakosea kutazama ile punje, yaani ganda lenye DNA linaloelea nje ya seli: kirusi chenyewe ni karakana, punje ni kama mbegu.

Wapinzani nao wana uzito. David Moreira na Purificación López-García waliandika mwaka 2009 kwamba virusi havina umetaboli wao, yaani kazi za kikemia za kujipatia nishati na kujijenga, na jeni nyingi vimezichukua kwa wenyeji wao, yaani viumbe vinavyowaambukiza. Mwaka 2017 Klosneuvirus, kilichotokana na majitaka ya Austria, kiliwapa nguvu: jeni zake za kutengeneza protini zilionekana kukusanywa kidogo kidogo kutoka kwa wenyeji tofauti. Hata Tupanvirus cha Brazil, chenye karibu zana zote za kazi hiyo, hakina ribosomu, kile kiwanda cha seli cha kuunganisha protini. Inabidi kiazime ya amiba.

Kwangu mimi, tawi la nne limeanguka. Jeni za kuokota haziwezi kuwa ushahidi wa ukoo wa kale. Lakini hoja ya karakana bado imesimama, na Sputnik inaitetea vizuri. Hiki ni kirusi kidogo kilichotangazwa mwaka 2008, ambacho hakizaliani ndani ya amiba peke yake. Hungoja ndugu wa Mimivirus ajenge karakana, kisha huingia humo na kujizalisha. Maganda ya mwenye karakana hutoka yamepinda, na idadi yake hupungua. Anayesema kirusi kikubwa ni punje tu isiyo na uhai anadaiwa maelezo: Sputnik kimeambukiza nini?